Nyanya kando ya peva: majani ya manjano, vitako vyeusi na miche inayonyauka

Swali la msomaji:

«Mheshimiwa mtaalamu, salamu. Ninaishi Kira, wilaya ya Wakiso. Mwezi wa kwanza tulitandaza peva (vitofali vya saruji vya kutandika chini) uani, eneo la mita 12 kwa 6, kwa sababu kila mvua iliponyesha watoto waliingia sebuleni na matope. Kati ya peva na ukuta wa jirani, upande wa chini wa kiwanja, niliacha ukanda wa mita 6 kwa 1. Nilinunua udongo mweusi wa lori dogo, nikauchanganya na mbolea ya kuku, na mwishoni mwa Machi nikapanda nyanya aina ya Rio Grande kwa mistari miwili. Zilianza vizuri mpaka nikawatumia dada zangu picha. Sasa ni vurugu tupu. Mstari unaopakana na peva una majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani. Matunda ya kwanza ya mistari yote miwili yana doa jeusi lililobonyea kwenye kitako. Miche minne ya kona ya chini imenyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, na miwili kati yake haiinuki tena hata asubuhi. Muuza dawa aliniuzia mankozebu, nimenyunyizia kila wiki bila nafuu. Jirani anasema saruji imetia sumu kwenye udongo na kwamba nyanya hizo zisiliwe. Shangazi alinishauri nimwage majivu na maganda ya mayai, nami nimekwisha kumwaga majivu. Mume wangu yuko tayari kung'oa peva zote. Je, tung'oe?»

Jibu:

Hapana, dada yangu, msing'oe. Mwambie bwana aweke mtaimbo chini kwanza, kwa sababu huenda mkahitaji kuinua safu moja tu ya peva, na hata hiyo si leo.

Hofu yako naielewa. Mmetumia fedha kutandaza ua, mmeupata usafi mliokuwa mnautafuta, na miezi michache baadaye bustani iliyo kando yake inaharibika kwa namna tatu kwa wakati mmoja. Ni rahisi kuona kitu kimoja kipya na kukitwisha lawama zote. Lakini ukiyasoma upya maelezo yako mwenyewe, ambayo ni mazuri kuliko mengi ninayoletewa, utaona kwamba matatizo hayo matatu hayakukaa mahali pamoja. Umanjano uko kwenye mstari wa peva peke yake, kuoza kitako kuko kwenye mistari yote, na mnyauko uko kwenye kona ya chini tu. Ingekuwa ni sumu iliyoenea udongoni, isingechagua namna hiyo. Haya ni matatizo matatu yenye vyanzo vitatu, na kinachoyaunganisha ni maji, kwa maana peva zimebadilisha njia ambayo maji ya mvua hupita kwenye kiwanja chenu.

Nianze na hiyo saruji, kwa kuwa ndiyo iliyowatia hofu. Saruji mbichi ina ukali wa chokaa, na ndiyo maana fundi asiyevaa glavu huchubuka mikono. Zege linapokaa na kukomaa, kwa kawaida baada ya wiki nne hivi, sehemu kubwa ya ukali huo hubaki imefungwa ndani yake, na uso wake huendelea kutulia kadiri unavyokutana na hewa. Maji yanayopita juu ya peva zilizokomaa huchukua chokaa kidogo sana, na udongo wetu wa maeneo haya ya Ziwa Viktoria, ambao kwa asili huelekea uchachu, huweza kuipokea bila shida. Chokaa ya kilimo hutumiwa shambani ili kupunguza uchachu huo huo. Kwa hiyo peva zenyewe siziwekei lawama. Saruji ninayoitilia shaka ni ile usiyoiona.

Fundi anapomaliza kutandaza peva, huziba ukingo kwa zege ili zisisogee. Zege hilo halikomi pale macho yako yanapokoma. Mara nyingi huteremka na kupanuka chini ya udongo kwa sentimita 10 hadi 20 kuelekea bustanini. Ikiwa ukanda wako una upana wa mita 1 na mistari yako imeachana sentimita 60, basi mstari wa kwanza uko sentimita 20 tu kutoka kwenye peva, na mizizi yake inakutana na zege hilo uso kwa uso. Zaidi ya hayo, fundi huchanganyia saruji mahali fulani na kuoshea karai na mwiko mahali fulani, na katika kiwanja kidogo mahali hapo huwa ni pembeni, pale ambapo hapatatandazwa kitu. Mabaki ya saruji yaliyofukiwa ukingoni ni madogo kwa jumla, lakini kwa mche uliopandwa juu yake si madogo hata kidogo.

Hapo ndipo majani ya manjano yanapopata maelezo yake. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu umejaa madini ya chuma, na hata huo mweusi ulioununua hauna upungufu wa chuma. Lakini chuma huyeyuka na kuingia kwenye mizizi pale tu udongo unapokuwa na uchachu kiasi. Nyanya hupenda pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu unapopungua) ya 6.0 hadi 6.8, na inapopanda kupita 7.5 hivi, chuma kipo lakini kimejifunga, mmea hauwezi kukitumia. Kwa kuwa chuma hakihami kwa urahisi kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya, dalili huonekana kwenye majani machanga ya juu, nayo huwa ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Ingekuwa ni upungufu wa nitrojeni, majani ya chini ndiyo yangeanza, tena yangepauka yote pamoja na mishipa. Ingekuwa magnesi, umanjano wa katikati ya mishipa ungeanzia majani makuukuu. Maelezo yako yanaelekeza kwenye chuma, na mahali dalili zilipo panaelekeza kwenye ukingo.

Sasa yale majivu. Shangazi hakukosea kwa kila udongo, kwani majivu ni mbolea nzuri ya potasiamu na hupunguza uchachu shambani, ila umeyamwaga mahali ambapo uchachu ulikuwa umepungua kupita kiasi tayari. Acha majivu kabisa katika ukanda huo. Maganda ya mayai hayana madhara, lakini huchukua muda mrefu sana kuoza, kwa hiyo usitegemee yaokoe matunda ya msimu huu.

Hakikisha kwa mikono yako kabla ya kuniamini. Chukua jembe dogo, chimba kando ya mche mmoja wenye manjano, upande wa peva, hadi kina cha sentimita 20, na utazame kama kuna mabonge ya kijivu, vipande vya saruji iliyoganda au utando mweupe. Weka kijiko cha udongo huo kwenye kisahani, ukiwa mkavu, umwagie siki nyeupe ya dukani. Udongo wa asili wa kwetu hautafanya chochote. Ukitoa povu dogo linalochemka kwa sauti, una chokaa ya saruji, au majivu yako, au vyote viwili. Rudia kwa udongo wa mstari wa pili. Ukikuta wa kwanza unachemka na wa pili umetulia, suala hilo limekwisha kujulikana. Chokoa mabonge yote uyatoe, ondoa udongo wa ukingoni kwa upana wa sentimita 20, weka mboji iliyoiva mahali pake, na msimu ujao usipande nyanya karibu na peva kwa chini ya sentimita 40. Kwa sasa unaweza kunyunyizia mbolea ya majani yenye chuma, itarudisha kijani kwa wiki chache, lakini hiyo ni kutuliza tu, si kutibu.

Nikija kwenye vitako vyeusi, hili ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi kuliko yote, kwa sababu linafanana na ugonjwa ilhali si ugonjwa. Halina vimelea na haliambukizi tunda kwa tunda. Kitako cha nyanya huoza kwa sababu chembe za tunda changa zilikosa kalisi (madini ya kalsiamu) wakati zinajengwa, zikavunjika, na doa unaloliona leo ni matokeo ya jambo lililotokea wiki kadhaa nyuma, tunda likiwa dogo.

Mtu akisikia neno kalisi hukimbilia kuiongeza, na hapo ndipo anapokosea. Udongo wako, ulio jirani na saruji na majivu, una kalisi ya kutosha na kuzidi. Kinachokosekana ni usafiri. Kalisi husafiri ndani ya mmea kwa njia moja tu, nayo ni maji yanayovutwa kutoka mizizini kwenda mahali yanapokaukia. Majani hukausha maji mengi, kwa hiyo hupata kalisi nyingi. Tunda lina ngozi inayong'aa isiyopitisha maji, kwa hiyo hupata sehemu ndogo, na kitako chake, kilicho mbali kabisa na kikonyo, hupata sehemu ndogo zaidi. Siku udongo ukikauka, majani hunyang'anya maji yote. Siku udongo ukifurika, mizizi hukosa hewa, hushindwa kufanya kazi, na kalisi haiingii ingawa imezungukwa na maji. Mmea unaofurika leo na kukauka kesho kutwa hupata hasara zote mbili. Rio Grande, kama nyanya nyingine ndefu za umbo la yai, huathirika upesi kuliko zile za mviringo. Na mbolea ya kuku, hasa ikiwa haijaiva vizuri, hutoa nitrojeni ya aina inayoshindana na kalisi mlangoni mwa mzizi, huku ikiusukuma mmea utoe majani mengi mno. Usiongeze mbolea ya kuku wala yurea mpaka mavuno yaishe.

Sasa tuyapime hayo maji. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Ua wenu una mita za mraba 72, hivyo mvua ya milimita 20, ambayo katika msimu wa Machi hadi Mei ni mvua ya alasiri moja tu, huleta lita 1,440 juu ya peva. Kabla ya peva, maji hayo yalitengeneza matope yaliyowakera, lakini mengi yalizama pale pale yalipoanguka. Sasa tuseme kwamba nusu yake hupotelea kwenye maungio na njia nyingine, na nusu hukimbilia upande wa chini, kwenye ukanda wako wa mita za mraba 6. Hizo ni lita 720, yaani lita 120 kwa kila mita ya mraba. Ni kama bustani yako imenyeshewa milimita 120 za ziada kwa alasiri moja, juu ya zile 20 ilizopata yenyewe. Kisha jua linatoka, peva zinapata moto na kuupuliza kwenye majani, na baada ya siku nne bila mvua udongo wa juu umepasuka.

Tena sidhani kama maji hayo yana pa kwenda yakifika chini. Ili kutandaza peva, fundi huchimba na kuondoa udongo wa juu, huweka moramu na vumbi la mawe, kisha hupitisha mashine ya kushindilia. Mashine hiyo haikomei kwenye mstari wa kamba, hivyo udongo wa pembeni hubanwa pia, na udongo mwekundu wa chini uliochimbuliwa mara nyingi hurushwa pembeni na kusawazishwa. Udongo wako mweusi huenda umekaa juu ya sakafu ngumu kama zulia. Pima hivi: siku moja baada ya mvua, chukua nondo nyembamba na uisukume chini kwa uzito wa mikono, bila nyundo. Ikishuka hadi sentimita 30 bila kugoma, una bahati. Ikigoma kwenye 12 au 15 kila unapojaribu, mizizi yako inaishi katika kina hicho tu, pakifurika inazama na pakikauka haina akiba.

Mtazamo wa mteremko nao ni muhimu. Fungua bomba au mwaga ndoo kadhaa kwenye sehemu ya juu ya ua na ufuatilie maji yanakwenda wapi. Ua mzuri huteremka sentimita 2 hivi kwa kila mita, kuelekea mfereji. Nina hakika kubwa kwamba wa kwenu unateremka kuelekea nyanya, na nina wasiwasi kwamba maji hukusanyika kwenye kona ile ile ya chini yenye miche minne iliyonyauka.

Kuhusu miche hiyo minne, naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo penye hatari ya kweli. Mche unaolegea saa saba mchana na kuinuka jioni si mgonjwa, umezidiwa na joto la peva au mizizi yake imebanwa. Mche uliokaa majini siku nyingi hunyauka pia, lakini ukiung'oa utakuta mizizi ya kahawia inayonuka uvundo. Mche wenye minyoo fundo huwa na vinundu mizizini, nao hudhoofika kidogo kidogo. Lakini mche ulionawiri unaonyauka ndani ya siku chache, majani yakiwa bado ya kijani, na asubuhi ukaamka vile vile umelala, unatia shaka ya mnyauko wa bakteria, ambao kimelea chake kinaitwa Ralstonia solanacearum. Bakteria huyo hukaa udongoni miaka kadhaa, huingia kupitia majeraha ya mizizi, huzaana ndani ya mishipa ya maji mpaka akaiziba, na husafiri na maji yanayotiririka, na udongo unaobebwa, na jembe, na viatu.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua mche mmoja kati ya ile miwili isiyoinuka, ukate shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Chukua glasi isiyo na rangi, ijaze maji safi yaliyotulia, na ukining'inize kipande hicho kwa uzi au kwa kibanio cha nguo ili ncha iliyokatwa iguse maji tu. Usiitikise glasi. Iweke dirishani na utazame dhidi ya mwanga. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyembamba nyeupe, za rangi ya maziwa, zikishuka kutoka kwenye shina hadi chini ya glasi, na baadaye maji yote huwa na ukungu. Kama baada ya nusu saa maji bado ni maangavu, elekeza lawama kwenye maji yaliyotuama na mizizi iliyooza. Ukimaliza, chemsha maji hayo kabla ya kuyamwaga, usiyamwage bustanini.

Nyuzi zikionekana, hakuna dawa. Nalisema wazi kwa sababu utauziwa nyingi. Ng'oa miche hiyo minne pamoja na udongo unaoshika mizizi, uitie kwenye mfuko, na usiitupe kwenye mboji wala kwenye mtaro. Choma ikikauka. Osha jembe na viatu kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia. Ukanda huo usipandwe nyanya, biringanya, nakati na entula (ndugu wa biringanya), pilipili wala viazi mviringo kwa misimu mingi, kwa sababu mimea hiyo yote ni ndugu na bakteria hula kwao wote. Panda sukuma wiki, dodo (mchicha), maharagwe, vitunguu au mahindi. Sukuma wiki, tena, huvumilia ukingo wenye chokaa kuliko nyanya.

Utauliza ugonjwa huo ulitoka wapi ikiwa kiwanja hakikuwahi kulimwa nyanya. Mimi ningeanza kumtazama mwenye lori. Udongo mweusi unaouzwa kandokando ya Kampala mara nyingi huchotwa kwenye mashamba ya mboga au mabondeni, na muuzaji hakuambii kwamba mwaka jana pale palikuwa na nyanya zilizokufa. Siku nyingine muulize ametoa wapi, naye akisitasita, usinunue. Tengeneza mboji yako uchanganye na udongo wa kiwanja chako. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini utajua imetoka wapi.

Mankozebu uliyouziwa ni dawa ya kinga dhidi ya ukungu, kama vile baka jani, na inapopuliziwa mapema katika msimu wa mvua husaidia kweli. Lakini haimgusi bakteria aliye ndani ya shina, haileti kalisi kwenye kitako, haiyeyushi chuma udongoni. Umenyunyizia dawa ya ugonjwa ambao, kwa maelezo yako, huna. Tena umenyunyizia kando ya uwanja ambao watoto wanachezea, na ukungu wa dawa hutua kwenye peva kama unavyotua kwenye majani. Simama hapo.

Tufike kwenye peva. Mna njia tatu, na nitazitaja jinsi ninavyoziona, si kwa usawa.

Iliyo bora kwa fikira zangu ni kuinua safu moja ya peva, ile inayopakana na bustani, na mahali pake kutengeneza mfereji usio na kina, wenye mteremko wa kuelekea pembeni, uliojazwa kokoto au kujengewa vizuri. Maji yatakatwa kabla ya kufika kwenye nyanya. Lakini mfereji ni lazima uwe na mwisho. Ukiumalizia ukutani, umemhamishia jirani wa chini mafuriko yako, na huko Kira penye vilima ugomvi wa maji huanza hivyo hivyo. Chimbeni shimo la kunyonya maji, mbali na msingi wa nyumba na mbali na shimo la choo, au elekezeni kwenye mtaro wa barabara baada ya kuuliza wenyeji wa mtaa. Kazi hii afanye fundi mwenye pima maji, asikadirie kwa macho, kwani makosa ya sentimita 3 hurudisha maji yote bustanini.

Pamoja na mfereji, inueni bustani. Tuta la kimo cha sentimita 30, lililozungushiwa matofali ya udongo yaliyochomwa na kupangwa bila saruji, huacha maji ya ziada yatoke kwenye nyufa. Kabla ya kulijaza, vunja ile sakafu ngumu ya chini kwa uma wa bustani, siku udongo una unyevu wa wastani na haunati kwenye chuma. Usiegemeze udongo kwenye ukuta wa jirani. Acha nafasi ya kiganja, la sivyo mtabadili swali la nyanya kuwa swali la ukuta uliolowa. Tandika majani makavu ya migomba juu ya tuta, unene wa sentimita 5 au zaidi, bila kugusa shina. Matandazo hayo huzuia udongo kukauka na huzuia matone ya mvua kurusha matope kwenye majani ya chini, njia ambayo baka jani hupandia mmea. Kwa bustani iliyo kando ya peva, mimi nathamini majani ya migomba kuliko chupa yoyote ya dukani.

Njia ya pili ni kupanda kwenye ndoo na magunia juu ya peva zenyewe. Kama kipimo cha glasi kimeonyesha bakteria, basi hii ndiyo njia pekee ya kuendelea na nyanya hapo nyumbani mapema. Kila mche upate chombo cha lita 20 au zaidi, chenye matundu chini, kilichoinuliwa juu ya vipande viwili vya tofali ili maji ya uani yapite bila kukigusa. Ubaya wake ni kwamba chombo hukauka upesi. Mche uliokwisha kuzaa huhitaji lita 1 hadi 2 kwa siku, na zaidi jua likiwa kali, kwa hiyo ukisafiri kwa siku tatu bila mtu wa kumwagilia, vitako vyeusi vitarudi. Kuna aina ya MT 56, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Makerere, inayostahimili mnyauko wa bakteria. Ukiipata kwa mtu wa kuaminika, ijaribu, ingawa hata hiyo usiipande kwenye kona ile.

Njia ya tatu, kung'oa peva zote, sioni faida yake. Mtarudishiwa matope, zege la ukingoni litabaki ardhini, udongo ulioshindiliwa utabaki umeshindiliwa, na kama kuna bakteria, hawataondoka na peva.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa. Ikiwa glasi imekupa jibu la utata, au mnyauko umevuka kona na kuingia miche mingine, mwite afisa kilimo wa gombolola lenu aje auone mmea ukiwa umesimama, kwa sababu mche uliokwisha kukauka hausemi mengi. Maabara ya utafiti wa kilimo ya Kawanda hupima udongo. Chukua udongo kutoka sehemu tano au sita za ukanda, kina cha sentimita 20, uchanganye, na upeleke kiasi cha nusu kilo kwenye mfuko safi, ukiandika kwamba uko kando ya saruji. Udongo wa mstari wa peva uuweke peke yake, usiuchanganye na wa mstari wa pili, maana tofauti yao ndiyo tunayoitafuta. Na ukitaka kuona kwa macho jinsi watu wa mjini wanavyopanda kwenye magunia na matuta ya kuinuliwa, kituo cha kilimo cha mamlaka ya jiji la Kampala kilichopo Kyanja hakiko mbali na Kira.

Kuhusu kula: nyanya yenye kitako cheusi haina sumu ya saruji wala sumu nyingine yake yenyewe. Kata sehemu nyeusi, na kama nyama iliyobaki ni imara na haina harufu, ipike. Ikiwa ukungu au ulaini umeingia kupitia doa, itupe. Matunda madogo ambayo yameanza kuwa na doa yachume sasa, yasiendelee kula maji ya mmea bure, na utazame vichala vya juu, kwani mara nyingi hutoka safi pale umwagiliaji ukitulia. Kinachonipa tahadhari ni ile mankozebu. Soma kibandiko cha chupa au pakiti, utakuta idadi ya siku za kusubiri kati ya kunyunyizia na kuvuna, na uzihesabu kuanzia mara ya mwisho ulipopuliza. Kama kibandiko kimechanika au dawa ulipimiwa kwenye mfuko usio na maandishi, rudi dukani uoneshwe pakiti yenyewe, na mpaka utakapoiona, nyanya zilizoiva zisiingie jikoni.